Mkondo hafifu kwenye kichwa chenye misuko: shajara ya mradi wa sonona, Mbarara na Nakivale

Februari, wiki ya kwanza

Vibali vyote vimeingia. Kamati ya maadili ya utafiti imeridhia, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia limesajili mradi, na Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo inayosimamia makazi ya wakimbizi, imetupa barua ya kufanya kazi Nakivale. Sasa naweza kuandika waziwazi tunachokitafuta: je, inawezekana kuwapa watu wazima wenye sonona mkondo hafifu wa umeme kupitia ngozi ya kichwa, siku baada ya siku, kwa usahihi na usalama unaotakiwa, hapa kusini-magharibi mwa Uganda?

Hatuulizi bado kama mkondo huo unaponya. Swali hilo linataka watu wengi na kundi la kulinganisha, na zamu yake itafika. La kwetu linatangulia, na naona ndilo linalorukwa mara nyingi. Tiba isiyomfikia mgonjwa ipasavyo haipimiki. Ukiipima hivyohivyo utatangaza kwamba haifai, kumbe hujawahi kumpa mtu.

Kifaa chenyewe ni kidogo, kinashikika kwa mkono mmoja, na kinatumia betri. Kinapitisha miliampea 2 kati ya sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, moja upande wa kushoto wa paji la uso kwa juu, nyingine upande wa kulia, kwa dakika 30. Mkondo huo hauna nguvu ya kuzilazimisha seli za ubongo zifyatue ishara. Unachofanya ni kuzisogeza karibu na hali ya kufyatua, au kuziweka mbali nayo, kulingana na upande unakoingilia. Michael Nitsche na Walter Paulus walilionyesha hilo Göttingen mwaka 2000: kwa miliampea 1 tu juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha misuli, mwitikio ulibadilika kwa hadi asilimia 40, na mabadiliko yakaendelea hata baada ya kuzima mashine. Kwa watu wenye sonona, eneo la mbele kushoto ndilo linalodhaniwa kufanya kazi kwa uzito, ndiyo maana tunalilenga.

Februari, wiki ya tatu

Wenzangu wengi hospitalini wananiuliza kwa nini sikuchagua mashine ya sumaku, ile inayouamsha ubongo kwa mapigo ya sumaku kupitia fuvu. Ni swali la haki. Sumaku, ambayo Anthony Barker na wenzake wa Sheffield waliionyesha mwaka 1985 na Marekani ikairuhusu kutibu sonona mwaka 2008, ina ushahidi mzito kuliko mkondo wetu. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2018, wenye wagonjwa 414, ulionyesha kwamba kipindi cha dakika 3 hakiachwi nyuma na kile cha zamani cha dakika 37.5. Ningeletewa mashine hiyo kesho ningeipokea kwa mikono miwili.

Lakini moja ni makumi ya maelfu ya dola, inataka umeme wa ukutani usioyumba, na inabeba hatari ya kuamsha degedege. Hatari hiyo ni ndogo sana, ila imepimwa zaidi kwa watu wa nchi ambako malaria haiwapandi watoto kichwani. Hapa kwetu mtu mzima anayekaa mbele yako huenda aliugua malaria ya ubongo akiwa na miaka mitatu, na hakuna karatasi inayosema hivyo. Minyoo ya tegu nayo huacha vifuko kwenye ubongo, na mwenyewe asijue mpaka siku ya degedege la kwanza. Kisha wapo waliotoka Kivu, mashariki mwa Kongo, na vipande vya chuma mwilini. Sumaku na chuma kichwani havikai pamoja.

Hata kwa mkondo wetu hafifu, ambao haujulikani kwa kuleta degedege, tumeweka mlango mwembamba kwa makusudi. Mwenye kifafa, aliyewahi kuanguka kifafa, mwenye chuma kichwani au kidonda kwenye ngozi ya kichwa hashiriki. Na mwenye historia ya furaha iliyopitiliza, ya kutolala siku kadhaa na kutumia pesa ovyo, naye tunamweka kando, maana katika utafiti wa Brazil wa 2017 watu 2 waliopewa mkondo walipata hali hiyo kwa mara ya kwanza.

Machi, mwanzoni

Tumeanza mazungumzo ya ridhaa. Naona hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko pote, na sitaki yaharakishwe.

Neno umeme likitajwa pamoja na kichwa, kila mtu anafikiria shoti. Tiba ya mshtuko ya Cerletti na Bini, iliyoanzia Roma mwaka 1938, bado inaokoa watu wenye sonona kali, na leo hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Lakini mkondo wake ni miliampea 800 au 900. Wetu ni 2. Namba hizo mbili nimeziandika kwenye kadi kubwa, ninamwonyesha kila anayekuja.

Mzee mmoja kutoka Base Camp, sehemu mojawapo ya makazi ya Nakivale, aliitazama kadi kwa muda, kisha akamgeukia muuguzi wetu.

"Sista, mtanipiga shoti?"

"Hapana, Baba. Ngoja uone."

Sista akakunja mkono wa gauni, akafunga sponji mbili kwenye mkono wake mwenyewe, akawasha. Akamwita mzee aguse ngozi pembeni ya sponji, akamwonyesha namba kwenye kioo ikipanda polepole kwa nusu dakika hadi 2. Mzee akauliza anasikia nini. "Inawasha, kama siafu wawili watatu wanatembea, halafu inatulia." Mzee akacheka, akasema siafu anawajua. Hakusaini siku hiyo. Alikwenda kuzungumza na mkewe, akarudi wiki iliyofuata na mkewe, na mke ndiye aliyeuliza maswali magumu zaidi: nani atalipa akiungua, na nani atamtibu utafiti ukiisha.

Maswali hayo mawili tumeyaingiza kwenye maelezo ya ridhaa kwa kila mshiriki, na majibu yake yameandikwa kwa lugha anayoielewa mtu ambaye hakusoma. Mimi nililelewa kwenye kambi ya jeshi ambako Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya jikoni na ya uwanjani, lakini Kiswahili cha Kivu kina njia zake, kwa hiyo kila karatasi husomwa kwanza na watu wa hukohuko kabla haijamfikia mgonjwa.

Machi, mwishoni

Mafunzo ya kupima kichwa. Pa kuweka sponji hatupakisii kwa jicho. Kwa futikamba unapima kutoka bonde la juu ya pua hadi kifundo cha kisogoni, kisha kutoka sikio hadi sikio kupitia utosini, kisha mzunguko wa kichwa. Vipimo hivyo vitatu vinaingizwa kwenye programu ndogo ya simu inayotaja alama iitwayo F3, yaani mahali pa sponji ya kushoto, ambalo ni jina kutoka ramani ya kichwa aliyoichapisha Herbert Jasper mwaka 1958.

Wauguzi wawili wanapima kichwa kimoja bila kuonana, kisha tunalinganisha alama zao. Zikiachana kwa zaidi ya sentimita moja, wanarudia. Wiki ya kwanza marudio yalikuwa mengi, sasa ni machache. Sentimita ni kitu kikubwa hapa: sehemu kubwa ya mkondo tayari inapotelea kwenye ngozi na fupa la kichwa, na kile kidogo kinachoingia ndani hakipaswi kupelekwa kwa jirani.

Aprili

Mwezi wa nywele. Ningependa wenzangu wa nchi nyingine wauone ukurasa huu kuliko mwingine wowote.

Sponji yetu ni sentimita 5 kwa 7. Ili mkondo upite vizuri, uso wote wa sponji lazima uguse ngozi, na ukinzani, yaani ugumu wa mkondo kupita, usizidi kilo-omu 10. Kwa mwanamume aliyenyoa hilo ni kazi ya dakika mbili. Kwa mama aliyekuja na mistari iliyosukwa kwa nywele za kuongezea, zimepakwa mafuta mpaka zinang'aa, sponji inalala juu ya matuta na kugusa ngozi kwa vipande. Kioo kinaonyesha ukinzani umepanda, mashine inakataa kuwaka. Na hata ingewaka, mkondo ungejikusanya kwenye vile vipande vichache vinavyogusa, na ngozi huungua kwa namna hiyo. Kuongeza maji hakusaidii: yakizidi yanatiririka, yanaunganisha sponji mbili juu ya ngozi, na mkondo unapita juujuu bila kuingia.

Maelekezo ya watengenezaji yanasema nywele zipanguliwe pembeni. Yameandikwa kwa nywele zinazopanguka. Na kuna watafiti ambao jibu lao kwa tatizo hili ni kumweka mtu huyo nje ya utafiti. Silikubali hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema sonona huwapata wanawake zaidi ya wanaume kwa takriban asilimia 50. Ukiwaacha nje wanawake wenye misuko Uganda, umewaacha wagonjwa wako na umebaki na utafiti wa watu walionyoa.

Tukamwajiri msusi. Ni mwanamke wa Nakivale mwenye kibanda chake karibu na soko, na tangu alipokuja mambo yamebadilika. Sista anapima F3 na alama ya upande wa kulia, anaweka nukta kwa kalamu. Msusi anafumua mistari michache ya mbele, anaisuka upya akiacha njia pana mbili zinazopita juu ya nukta, na misuko inakaa hivyo wiki zote tatu za matibabu. Ngozi inasafishwa mafuta kwa sabuni laini na pamba, bila kusugua, kwa sababu ngozi iliyochubuka ni hatari kuliko ngozi yenye mafuta. Kisha sponji inaloweshwa kwa bomba la sindano, maji ya chumvi kidogokidogo, mpaka ukinzani ushuke. Nilimtazama akifanya kazi kwa mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni. Kidole gumba chake kinapita kwenye njia ya misuko kabla ya kusuka kila mstari, kinakagua kama upana unatosha. Sista alipoweka sponji, namba ilishuka chini ya 10 papo hapo.

Wazo la kusuka nywele kwa ajili ya vipimo vya ubongo si letu peke yetu. Mwaka 2020, Arnelle Etienne na wenzake wa Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha elektrodi zilizobuniwa kushikamana kati ya mistari ya nywele za Kiafrika, za kusoma mawimbi ya ubongo. Kazi yao ilitupa moyo. Bajeti yetu sasa ina mstari wa msusi, na nimeutetea mbele ya wafadhili kwa uzito uleule niliotetea nao mashine.

Kwa kina mama wanaovaa hijabu tumetenga chumba chenye pazia, na anayewahudumia ni mwanamke kila siku, bila kubadilishana zamu na mwanamume. Hili halikuhitaji mjadala.

Mei

Dawa. Tuna orodha ya maswali kuhusu dawa ambayo wauguzi wameanza kuilalamikia kwa urefu, na bado siipunguzi.

Mwaka 2002 David Liebetanz na wenzake wa Göttingen walionyesha kwamba dawa ya kifafa ya karbamazepini hufuta mabadiliko yanayoletwa na upande chanya wa mkondo, na kwamba dekstromethofani huzuia athari inayobaki baada ya mashine kuzimwa. Sasa, dekstromethofani ni nini? Ni dawa ya kikohozi. Inauzwa kwenye duka la dawa lolote la Mbarara bila cheti. Mtu anaweza kuja kila siku kwa wiki tatu, sponji zimekaa sawa, ukinzani uko chini, naye usiku anakunywa syrapu ya kikohozi inayofuta kazi yetu yote. Mwingine anameza diazepamu aliyopewa na jirani apate usingizi, na dawa za jamii hiyo nazo zinashukiwa kupunguza faida ya mkondo.

Hivyo hatuulizi tu "unatumia dawa gani?" Watu wengi hawahesabu syrapu kuwa dawa. Tunaomba waje na kila chupa na kila karatasi ya vidonge iliyoko nyumbani, tunavipanga mezani, tunavisoma pamoja. Fluoksetini, dawa ya sonona, haizuiliwi. Anayeitumia aendelee nayo kwa kipimo kilekile, asianze wala kuacha katikati.

Juni

Vipindi 15, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tatu. Kwenye karatasi ni mpangilio mzuri. Kwa mtu wa Nakivale maana yake ni bodaboda hadi barabarani, teksi hadi Mbarara, dakika 30 za matibabu, na njia hiyohiyo kurudi, huku shamba likisubiri. Nauli tunarudisha, lakini siku ya mtu hairudishwi. Tumeamua kuhamisha vifaa viende kwenye kituo cha afya ndani ya makazi. Betri ndiyo inayotuwezesha, kwani umeme ukikatika katikati ya kipindi mgonjwa hata hajui.

Uingereza na Marekani wamekwenda mbali zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, wenye watu 174, ulifanywa wagonjwa wakiwa nyumbani kwao, wakisimamiwa kwa video. Baada ya wiki 10, asilimia 44.9 ya waliopata mkondo wa kweli walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 21.8 ya waliopata wa kuigiza, yaani mashine inayoonekana kufanya kazi bila kuwapa matibabu ya kweli. Ni habari njema, na wenzangu wanaitaja kila mkutano. Mimi husisitiza itajwe pamoja na ndugu yake: mwaka 2023 Ujerumani ilichapisha utafiti wa watu 160 waliokuwa tayari kwenye dawa, na mkondo haukuongeza chochote juu ya ule wa kuigiza. Na ule wa Brazil, wenye watu 245, ulikuta mkondo unashinda plasebo, yaani matibabu bandia, lakini haukuweza kuthibitisha kwamba haupungukiwi na vidonge vya sonona vya esitalopramu. Anayeombwa ridhaa ana haki ya kusikia yote matatu.

Jambo jingine la mwezi huu ni dodoso. PHQ-9, dodoso tunalopimia sonona, ina maswali tisa, na la tano linahusu kukosa hamu ya kula au kula kupita kiasi. Mgao wa chakula kwenye makazi umepunguzwa. Mama mmoja alijibu, "Hamu ninayo, chakula ndicho hakipo." Ukimpa alama tatu umemwandikia ugonjwa, na ukimpa sifuri umefuta mateso yake. Tumeongeza maswali ya chakula yanayoandikwa kando, nayo tutayaangalia tunaposoma alama za kila mtu. Swali la tisa, la mawazo ya kujiua, lina utaratibu wake usiojadiliwa: jibu lolote juu ya sifuri, tabibu anamwona siku hiyohiyo kabla hajaondoka.

Na sitaki mradi huu usomeke kama mbadala wa kile ambacho Uganda tayari imekithibitisha. Masaka na Rakai, katika vijiji 30, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vikundi vya mazungumzo vinavyoongozwa na watu wa hapahapa vinashusha sonona kwa kiasi kikubwa. Profesa Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Makerere akaonyesha kitu cha aina hiyohiyo kaskazini, kwa watu 1,140 wanaoishi na virusi vya UKIMWI, katika vituo vya afya 30. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Hayo ndiyo matibabu ya kwanza. Mkondo ni wa yule aliyekaa kwenye kikundi mpaka mwisho, akameza fluoksetini ipasavyo, na bado asubuhi hawezi kuinuka. Mtu huyo yupo, namjua kwa sura, na kwa sasa sina kingine cha kumpa.

Julai

Tunaandaa hatua ya kulinganisha. Mashine itapanda hadi miliampea 2 kwa sekunde 30, kisha kwa nusu ya washiriki itazima yenyewe bila mtu kujua. Mwasho wa mwanzo ni uleule. Shida ni ngozi: mkondo wa kweli huacha wekundu zaidi, na kwenye makazi watu wanakaa benchi moja, wanatazamana vichwa, wanaulizana. Kwa hiyo kila mmoja ataondoka amefungwa kitambaa cha kichwa, wanawake kwa wanaume, na anayepima sonona atakaa jengo jingine na hataiona ngozi ya kichwa cha mtu yeyote. Walioangukia mkondo wa kuigiza watapewa wa kweli mwishoni wakitaka. Hilo kamati ya maadili haikulilazimisha, tumelitaka wenyewe.

Tumeweka pia masharti ya kusimama. Mtu mmoja akiungua zaidi ya wekundu unaoisha siku hiyo, kazi inasimama mpaka sababu ijulikane. Mtu mmoja akianza kutolala na kusema mbio kupita kawaida yake, vipindi vyake vinakoma na daktari wa akili anamchukua.

Wauguzi wa kituo cha Nakivale wamemaliza mafunzo ya futikamba. Msusi amemfundisha msaidizi wake kuacha njia za sponji. Kilichobaki ni sponji za akiba, zimekwama kwenye forodha, nazo haziwezi kubadilishwa na za dukani, kwa sababu sponji ya kuoshea vyombo hukauka bila mpangilio na huacha sehemu kavu zinazounguza. Zikifika tutaanza kuandikisha. Zisipofika mwisho wa mwezi, tutaanza Septemba, na waliokwisha kuomba kushiriki nitawapigia simu mmoja mmoja niwaeleze.